Pointi 91 na mti mmoja: namna ya kupanga mhusika kabla ya kuanza kucheza



Wengi wetu tuko na mashini za zamani zenye haziwezi kubeba michezo mipya. Njo maana Diablo II bado inatembea kwa flashi kutoka chumba hadi chumba, hata kama ilitoka mwaka 2000, na nyongeza yake, Lord of Destruction, mwaka 2001. Haiombi intaneti, haiombi mashini ya bei. Lakini iko kitu kimoja yenye inaomba, na wachezaji wengi hawaitoi: mpango.

Nasema hivyo juu katika mchezo wa aina hii mhusika hakui peke yake. Kila anapopanda nivo unapewa pointi moja ya ujuzi, na ni wewe unaamua itaenda wapi kwenye mti. Ukishaitia, imeenda. Mhusika wa nivo 70 ni kazi ya jioni nyingi, na kwetu jioni yenyewe inategemea umeme. Kumpoteza hakuumi kama kupoteza shamba, lakini kunauma.

Basi leo nataka tueleweshane namna ya kupanga. Jambo lenyewe ni moja: mti wa ujuzi haupangwi kutoka chini kupanda juu. Unapangwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hesabu zenye nitatoa ni za Lord of Destruction ya zamani, tangu marekebisho ya 1.10 ya mwaka 2003. Mwenye iko na Diablo II: Resurrected ya 2021 atakuta vitu vingine vimebadilishwa, lakini njia ya kufikiri ni ile ile.

1. KWANZA, HESABU MFUKO

Nivo ya mwisho ni 99. Unaanza nivo 1 mikono mitupu, kwa hiyo kupanda nivo kunaleta pointi 98. Tena ndani ya hadithi kuna kazi tatu zenye zinalipa pointi: Den of Evil inalipa 1, Radament 1, Izual 2. Jumla 4. Hadithi inachezwa mara tatu, yaani Normal, kisha Nightmare, kisha Hell, kwa hiyo 4 mara 3 ni 12. Ongeza kwa 98, unapata 110.

Lakini 110 ni mshahara wa kwenye karatasi. Nivo za mwisho zinakula muda usio na kipimo, na wengi wanaishia 80 na kitu. Kwenye nivo 80, ukiwa umemaliza kazi zote, uko na 79 na 12, yaani pointi 91. Panga na 91. Mwenye anapanga na 110 ni kama mtu anaanza kujenga nyumba na mshahara wenye hajalipwa bado.

Sasa tuangalie soko. Sorceress, yule mwanamke wa moto, radi na barafu, iko na miti mitatu. Kila mti una ujuzi 10, na kila ujuzi unaweza kumeza pointi 20. Kujaza yote ingeomba pointi 600. Wewe uko na 91. Kumbe hakuna mtu anajaza mti. Hata sehemu moja kwa sita hauifikii. Kwa hiyo kupanga ni kujua nini utaiacha, na kuiacha bila huruma.

2. SHERIA TATU ZA MTI

Ya kwanza ni mlango. Ujuzi unafunguka kwenye nivo 1, 6, 12, 18, 24 na 30. Tena kuna ujuzi wenye hauupate bila kupitia mwengine. Mfano ni Blizzard, ile mvua ya vipande vya barafu (kampuni yenye ilitoa mchezo inaitwa pia hivyo, tusichanganye). Inaomba nivo 24, na lazima uwe umetia pointi moja moja katika Ice Bolt, Ice Blast, Glacial Spike na Frost Nova. Pointi za namna hiyo ni kama franga za bariere: unalipa ili upite. Zihesabu mapema, juu hazikosi.

Ya pili ni kipimo. Kila pointi inayofuata katika ujuzi ule ule inaomba nivo moja zaidi. Blizzard ya kwanza ni nivo 24, ya pili 25, hivyo hivyo hadi ya 20 kwenye nivo 43. Njo maana kuweka pointi nyingi akiba ukisubiri Blizzard hakusaidii. Hata ukifika nivo 24 na pointi 15 mkononi, itameza moja tu.

Ya tatu ni kusaidiana. Mbele ya 2003, ujuzi wa chini ulikuwa unapoteza kazi ukishafika juu, na wachezaji walikuwa wanaficha pointi hadi nivo 30. Marekebisho ya 1.10 yaligeuza ile hesabu: ujuzi mmoja ukaanza kusukuma mwengine. Kila pointi yenye unatia katika Ice Bolt, Ice Blast au Glacial Spike inaongeza kipigo cha Blizzard kwa asilimia 5. Angalia vizuri: ni pointi zenye umetia mwenyewe tu zinahesabiwa hapo. Zile zenye fimbo au kofia inakuongezea hazisukumi kitu.

3. ULIZA KWANZA ULIZO LA MWISHO

Mdogo mmoja wa mtaa wetu aliniletea mashini yake siku moja. Sorceress wake alikuwa nivo 71, amekwama mwanzo wa Hell. Akaniambia: "Yaya, hawa badui habakufe tena. Inaomba nitafute fimbo ingine." Tukafungua mti pamoja. Pointi 78 zilikuwa zimetawanyika kwenye ujuzi 16, na hakuna hata mmoja ulikuwa umefika 10. Kila mara mlango mupya ulipofunguka, alionja. Moto kidogo, radi kidogo, barafu kidogo.

Hakuwa mjinga. Mchezo wenyewe ulimuzoeza hivyo. Normal inasamehe: unaweza kuonja kila kitu na bado unapita. Nightmare unaanza kusikia uzito. Hell ndiyo inakuja kudai deni lote kwa mara moja, na hapo umeshatumia jioni za miezi. Fimbo haikuwa tatizo. Ingekuwa fimbo ya mfalme, ingeongeza pointi moja mbili juu ya ujuzi wenye hauna mzizi.

Kwa hiyo ulizo la kwanza si "kwenye nivo 2 nitie wapi?" Ulizo la kwanza ni: mu Hell, nitaua na nini? Jibu liwe ujuzi mmoja, mara chache mbili. Ulizo la pili: nini itanishinda? Mu Hell maadui wengi hawapatwi na barafu hata kidogo, wengine hawapatwi na moto, wengine radi. Mpango wenye haujibu ulizo la pili ni nusu ya mpango.

4. MFANO: SORCERESS WA BARAFU

Tuseme jibu letu ni Blizzard. Tunarudi nyuma kutoka pale.

Blizzard yenyewe: 20. Wasaidizi wawili, Ice Blast 20 na Glacial Spike 20. Bariere: Ice Bolt 1 na Frost Nova 1. Cold Mastery 1, ya kupunguza kinga ya maadui kwa barafu. Halafu kuna zile zenye pointi moja inatosha: Warmth 1 ya kurudisha mana, Static Field 1, Telekinesis 1 ambayo ni bariere ya Teleport, na Teleport 1. Jumla: 67.

Hapa mtu anauliza: kwa nini Static Field moja tu? Juu inakata asilimia 25 ya uhai wenye adui amebakiza, iwe na pointi 1 au 20. Pointi za ziada zinapanua tu duara yake. Teleport vilevile, pointi za ziada zinapunguza tu mana yenye inakula. Ujuzi wa namna hiyo ni zawadi kwa mwenye anapanga: unalipa kidogo, unapata karibu yote. Kabla ya kutia pointi ya pili fasi yoyote, soma nini inaongeza kweli.

Sasa angalia kipigo. Ice Blast 20 inaongeza Blizzard asilimia 100, Glacial Spike 20 asilimia 100 ingine, Ice Bolt 1 asilimia 5. Jumla 205 juu ya 100 ya mwanzo: kipigo kimezidi mara tatu. Pointi 40 katika ujuzi wenye pengine hautautumia sana, kumbe ndizo zinabeba nyumba.

Kalenda inakuja hivi:

Nivo 1 hadi 23. Ukiwa umemaliza Den of Evil na Radament uko na pointi 24. Saba ni za moja moja: Ice Bolt, Frost Nova, Glacial Spike, Warmth, Static Field, Telekinesis, Teleport. Zote 17 zinabaki kwa Ice Blast, ambayo njo silaha yako kwa sasa. Hakuna pointi inapotea, juu Ice Blast itakuja kusukuma Blizzard.

Nivo 24 hadi 43. Nivo 20 na zawadi 2 za Izual, jumla 22. Blizzard inameza moja kila nivo, hadi 20. Moja inaenda kwa Cold Mastery ukifika nivo 30, juu pointi yake ya kwanza inakata asilimia 20 na zingine 5 tu kila moja. Moja yenye inabaki inaenda kwa Ice Blast, inafika 18.

Nivo 44 hadi 60. Nivo 17 na pointi 4 za kazi za Nightmare, jumla 21. Mbili zinamaliza Ice Blast, 19 zinamaliza Glacial Spike. Umefika 67, kazi kubwa imekwisha, na ndiyo kwanza unagonga mlango wa Hell. Njo vile inafaa iwe: uingie Hell na mpango umekamilika, si na mpango wenye ungali unatafuta.

Nivo 61 hadi 80. Nivo 20 na pointi 4 za Hell, jumla 24. Unaweza kutia 16 katika Cold Mastery, ifike 17 na ikate asilimia 100 ya kinga, halafu 8 katika Ice Bolt kwa kusukuma Blizzard asilimia 40 tena. Lakini hizi 24 usizifunge mapema. Ni akiba yako ya kujibu yale utakutana nayo.

Na wale wenye hawapatwi na barafu? Cold Mastery haiwapati, hata uitie 20. Njia ziko tatu. Ya kwanza, askari wa kukodi wa Akti ya pili, mwenye mkuki. Yeye anachoma kwa chuma, si kwa barafu, na Static Field inamusaidia kwa kukata uhai wa adui, ingawa mu Hell haishushi adui chini ya nusu. Ya pili, kuchagua fasi za kuwindia zenye hao maadui ni wachache, na kutumia Teleport kupita kando yao. Ya tatu, kutoa zile 24 kwa ujuzi wa moto, na kukubali kwamba barafu yako haitakua tena. Kila moja iko na bei yake. Chagua mbele ya kufika, si siku unakufa.

5. UBAO MFUPI WA PIPA

Hapa mniruhusu kuongea kama agronome. Mwaka 1828 Carl Sprengel, na kisha Justus von Liebig mwaka 1840, walieleza jambo lenye kila mwanafunzi wa kilimo anachorewa kwa picha ya pipa yenye mbao za urefu tofauti. Maji hayapiti ubao mfupi. Shamba likikosa fosfori, kama udongo wenye asidi wa huku kwetu mara mingi, unaweza kumwaga ure mfuko juu ya mfuko: mahindi itabakia pale fosfori inaisha. Mbolea haikuwa mbaya. Ilienda kwa ubao wenye ulikuwa tayari mrefu.

Mhusika ni pipa vilevile. Sorceress mwenye Blizzard ya ajabu anakufa kila dakika mu Hell, na mwenyewe anafikiri kipigo hakitoshi. Anatia pointi ingine kwa kipigo. Lakini angalia kinga zake. Nightmare inakunyanganya kinga 40 kwa kila aina, Hell inakunyanganya 100. Kipimo cha juu cha kawaida ni 75. Kazi ya kumuokoa Anya katika Akti ya tano inakupa kinga 10 kila ugumu, kwa hiyo 30 kwa zote tatu. Piga hesabu: ili uwe na 75 mu Hell, unahitaji 75 na 100, kutoa 30, yaani 145 kutoka kwa nguo, ngao na pete. Hakuna ujuzi wa Sorceress utakupa hiyo. Kwa hiyo mpango mzuri hauandikwi kwenye mti peke yake. Pembeni unaandika pia vitu vya kuokota na kutunza.

Kila ukikwama, usiulize "nini ni nguvu?" Uliza "ubao gani njo mfupi?" Mara mingi si ule wenye unapenda kuutazama.

6. POINTI ZA MWILI

Mbali na ujuzi, kila nivo inaleta pointi 5 za mwili: nguvu, wepesi, uhai na mana. Hapa sheria ni fupi. Nguvu: ile tu yenye nguo zako zinaomba. Zilizobaki karibu zote: uhai. Kwa Sorceress kila pointi ya uhai inaleta 2 za maisha, kwa hiyo 50 zenye ulitupa kwa mana bila sababu ni 100 za maisha zenye haziko siku umeguswa. Andika kwanza jina la ngao na nguo yenye unatazamia kuvaa, angalia inaomba nguvu ngapi, simama hapo.

7. KWA WENYE WAMESHAKWAMA

Tangu marekebisho ya 1.13 ya mwaka 2010, Akara wa kijiji cha kwanza anaweza kukurudishia pointi zote, za ujuzi na za mwili, mara moja kwa kila ugumu, ukishamaliza Den of Evil. Ni mara tatu tu za bure. Kwa hiyo usiitumie ya Normal kwa hasira ya nivo 12. Angalia pia flashi yako iko na toleo gani. Yule mdogo wetu alikuwa na toleo la mbele ya hapo, bila njia ya kurudi. Tulichukua karatasi, tukaandika mpango, akaanza upya. Alinuna siku mbili.

Watengenezaji wenyewe hawajaelewana juu ya jambo hili. Diablo III ya mwaka 2012 iliondoa kabisa pointi za kutia: ujuzi unabadilisha unavyotaka, hakuna kitu kinapotea. Path of Exile, iliyotoka New Zealand mwaka 2013, ilienda njia ingine. Wahusika wote wanatumia mti mmoja mkubwa wenye vituo zaidi ya 1300, kila mmoja akianzia fasi yake. Pale swali kubwa ni njia: vituo vingi vya barabarani vinakupa kidogo tu, kwa hiyo mpango mzuri ni ule unafika kwenye vituo vikubwa kwa kupita vidogo vichache. Watu wanatumia programu ya Path of Building, yenye inapiga hesabu yote mbele ya kutia hata pointi moja. Mti ni mwengine, lakini kichwa ni kile kile: mwisho kwanza, kisha njia, kisha hatua ya leo.

8. KARATASI YAKO

Mbele ya kufungua mhusika mupya, chukua karatasi na ujibu haya:

Mu Hell nitaua na ujuzi gani?
Nini itaushinda, na nitajibu na nini?
Nivo ya kweli yenye nitafika ni ngapi, na mfuko wangu ni pointi ngapi?
Ujuzi gani unausukuma, na bariere zinakula ngapi?
Pointi gani moja inatosha?
Mbele ya mlango mkubwa kufunguka, nitaishi na nini, na hizo pointi zitanisaidia baadaye ao zitakufa?
Ubao wangu mfupi ni upi: kinga, uhai, ao mana?
Nimebakiza akiba ngapi?

Maulizo nane, dakika ishirini, kalamu moja. Na yule mwenye atasema mchezo ni kupoteza muda, sitamubishia sana. Ila muda ukishaamua kuutoa, usiutoe kwa mhusika mwenye atakufa juu hakuna mtu alihesabu. Umeme ukirudi leo jioni, karatasi kwanza, mashini baadaye.